Sindano ya Nyongeza ya Korona: Yakulinda Kiasi Gani, na Tangu Lini?



Katika mkutano wetu uliopita, tulipofikia yale ya mwisho yaitwayo "mengineyo", aliinuka mzee mmoja akauliza suali lililowachekesha wengi. Alisema, "Mimi Jumatatu iliyopita nimepigwa sindano ya nyongeza ya korona. Nataka jibu moja tu, wala msinizungushe. Sasa mimi ni salama, au si salama?" Watu walicheka kwa namna alivyolitamka. Mimi sikucheka, kwani suali hilo hilo nalijiuliza mwenyewe mwaka 2022, nikajijibu kwa haraka, na jibu langu likawa la makosa. Na aliyelipa gharama ya makosa yale si mimi.

Muda wa mkutano ulikuwa umekwisha, basi Kamati ikaniomba niyaandike humu yale ninayoyajua. Mimi si daktari. Ni mkulima wa karafuu kama nyinyi. Lakini tangu yanipate yale nimeuliza sana, na waliosoma wamenisomea na kunieleza, mpaka nimeona nafahamu jambo lenyewe kiasi cha kuweza kumweleza mwenzangu.

Kwanza nitawasimulia yaliyonipata, ili msije mkadhani nawafundisha kutoka juu ya kiti.

Mwaka ule wa 2022, msimu ulipokwisha na karafuu zimekwisha kuuzwa, nalikwenda kituo cha afya nikapigwa sindano ya nyongeza. Ile ya kwanza nalikuwa nimeipata mwaka 2021. Umri wangu umepita miaka 60 na maradhi ya sukari ninayo, kwa hivyo nalikuwa miongoni mwa waliohimizwa. Siku ya tatu baada ya sindano palikuwa na khitma kwa jamaa zetu. Tangu mwaka 2020 nalikuwa nimejizoeza kukaa nje kwenye shughuli kama hizo, na kupeana mikono kidogo. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yamefungwa, na nyumba imejaa tele. Nikaingia ndani, nikakaa katikati ya watu, nikakumbatiana na kila aliyenijia. Nalijiambia moyoni: mimi nimekwisha kuongezwa, khofu ya nini?

Baada ya siku nne nikashikwa na mafua na koo kuwasha. Nikasema ni baridi ya mvua. Nikalala chumba kile kile na mke wangu kama kawaida, wala sikujitenga. Naye mke wangu ana pumu, na alikuwa hajachanjwa hata mara moja. Sababu ya kutochanjwa kwake ni mimi. Alipotaka kwenda nalimwambia, "Ngoja kwanza msimu upite, kwani ukipata homa nani atasimamia uanikaji?" Akangoja. Msimu ukapita, mimi nikenda, yeye akaahirisha tena.

Kwangu mimi maradhi yalikuwa siku tatu za homa na uchovu wa wiki moja. Kwake yeye yalikuwa siku sita za hospitali, na siku mbili katika hizo alikuwa akivuta hewa ya mtungi. Alipona, na sasa hajambo. Lakini usiku wa pili wa mtungi ule ninaukumbuka kuliko usiku wowote wa maisha yangu, na ndio ulionifanya nianze kuuliza.

Kijijini maneno yalikuwa mawili. Wengine walisema, "Mnaona? Amepigwa sindano mbili na bado ameugua. Sindano ni upuuzi." Wengine walisema, "Mnaona? Aliyechanjwa aliugulia kitandani kwake, na asiyechanjwa alipelekwa hospitali." Hao wa pili walikuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa mgonjwa mmoja na mwenzake hawatoshi kuthibitisha jambo. Lazima kutazama watu wengi, na waliotazamwa ni wengi sana, kama nitakavyoeleza.

NAMNA SINDANO INAVYOFANYA KAZI

Sindano ya korona haijengi ukuta kuuzunguka mwili. Afadhali tufikiri juu ya walinzi wa shamba. Karafuu zinapokuwa tayari kuchumwa, mwenye shamba huweka walinzi wengi usiku. Msimu ukesha huwaaga walio wengi, kwani hapana mwenye uwezo wa kuwalipa mwaka mzima. Lakini mkubwa wao hubaki, naye ndiye aijuaye sura ya mwizi. Mwizi akija wakati walinzi ni wachache, huweza kuingia na kuvunja matawi mawili matatu. Lakini yule mkubwa humtambua, hupiga yowe, na wenziwe hukusanyika kabla mwizi hajaondoka na magunia.

Mwilini ni karibu na hivyo. Sindano huuonyesha mwili sura ya kirusi, bila ya kuutia ugonjwa wenyewe. Mwili hufanya walinzi wengi ambao madaktari huwaita kingamwili, nao huzunguka katika damu na wengine hufika mpaka puani na kooni. Baada ya miezi hupungua. Hii si kasoro ya sindano, ndiyo desturi ya mwili. Kinachobaki kwa muda mrefu zaidi ni zile chembe za kumbukumbu, mfano wa yule mkubwa wa walinzi. Hizo haziwezi kumzuia mwizi mlangoni, kwani zahitaji siku kadha kuwakusanya walinzi wapya. Lakini kwa kuwa korona nayo yahitaji siku kadha kushuka kutoka puani hadi mapafuni, mara nyingi walinzi huwahi.

Ndiyo maana mtu aliyechanjwa zamani huweza kupata mafua ya korona na asifike hospitali. Sindano ya nyongeza huurudisha tena ule wingi wa walinzi, na humkumbusha mkubwa wao sura ya mwizi, khasa ikiwa mwizi amebadilisha kanzu.

Na korona hubadilisha kanzu mara kwa mara. Mwezi wa Novemba 2021 wataalamu wa Afrika ya Kusini na Botswana walitoa khabari za aina mpya, na tarehe 26 ya mwezi huo Shirika la Afya Duniani likaipa jina la Omicron. Aina hiyo ilikuwa na mabadiliko mengi sana hata walinzi waliofundishwa kwa sura ya zamani wakawa hawaitambui upesi. Tangu hapo dawa ya sindano imekuwa ikitengenezwa upya kufuata mabadiliko: mwaka 2022 ilitoka yenye sura mbili, ya zamani na ya Omicron, na mwaka 2023, 2024 na 2025 ikabadilishwa kila mwaka.

Wako wanachama wasemao, "Chanjo gani hii ya kurudiwa rudiwa? Ingekuwa nzuri ingetosha mara moja." Nawaomba wakumbuke yaliyomo katika nyumba zao wenyewe. Mama wajawazito hupigwa sindano ya pepopunda, nayo hurudiwa mpaka zitimie tano. Mahujaji wetu wote huchanjwa homa ya uti wa mgongo, na cheti chake kina mwisho, kwa aina moja ya dawa miaka 3 na kwa nyingine miaka 5. Hapana aliyewahi kusema kuwa chanjo hizo ni za uwongo kwa sababu zarudiwa. Kwa upande mwingine iko chanjo ya homa ya manjano, ambayo zamani cheti chake kilikuwa cha miaka 10, lakini tangu Julai 2016 kimekubaliwa kuwa cha maisha, kwani ilionekana kuwa sindano moja yatosha. Kila maradhi yana hesabu yake. Ndui nayo ilichanjwa mpaka ikatoweka. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Merca, Somalia, mwaka 1977. Korona haielekei kutoweka kwa njia hiyo, na mwenye kuingoja itoweke ndipo atoke nyumbani atangoja sana.

SIKU ZA KUANIKA

Sasa nafika kwenye kosa langu mimi, nalo ni la hesabu ya siku.

Kila mmoja wetu ajua kuwa karafuu ikimwagwa juu ya jamvi asubuhi, jioni huwa imekwisha kugeuka rangi. Mgeni akiitazama atasema imekauka. Lakini nani kati yetu ataitia guniani jioni ile? Akiitia itapata joto, itaingia ukungu, na kituoni itashushwa daraja. Yataka siku zake za jua, na kuigeuza, mpaka ukiivunja kikonyo kinakatika kwa sauti.

Sindano ya nyongeza nayo ina siku zake. Ule mkono unaouma siku ya kwanza ni dalili kuwa kazi imeanza tu. Walinzi huanza kuongezeka kwa wingi baada ya wiki moja hivi, na madaktari huhesabu kinga kuwa imesimama baada ya wiki mbili. Mimi nalijitia guniani siku ya tatu.

Hapa ndipo penye ushahidi ambao kwetu una maana zaidi kuliko wa mbali. Mtakumbuka kuwa dawa iliyoletwa Tanzania kwa wingi mwezi wa Julai 2021 ilikuwa ya Johnson & Johnson, ile ya sindano moja, na Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hiyo hadharani tarehe 28 ya mwezi ule. Huku Visiwani palikuja pia Sinovac kutoka China. Basi dawa hiyo hiyo ya Johnson & Johnson ndiyo waliyopewa wafanyakazi wa afya wa Afrika ya Kusini katika uchunguzi mkubwa ulioitwa Sisonke, maana yake kwa Kizulu "tuko pamoja", chini ya Profesa Glenda Gray na wenziwe. Baina ya tarehe 8 Novemba na 17 Desemba 2021 wafanyakazi zaidi ya 69,000 walipewa sindano ya nyongeza, na wakati huo huo Omicron ikaingia. Ilikuwa kama mvua kuanguka juu ya jamvi: palionekana wazi nani alikuwa amekauka na nani bado.

Walipolinganishwa na watu wasiochanjwa kabisa, ilionekana kuwa katika siku 13 za mwanzo baada ya nyongeza khatari ya kulazwa hospitali ilipungua kwa 63 kwa mia. Tangu siku ya 14 hadi ya 27 ilipungua kwa 84 kwa mia. Mwezi wa pili ilikuwa 85. Tazameni tofauti baina ya 63 na 84. Mtu ni yule yule, sindano ni ile ile, ila wiki mbili zimepita.

HESABU YA KUGUA NA HESABU YA KULAZWA

Jambo la pili ambalo sikulijua ni kuwa usalama wa sindano hii ni wa namna mbili, na mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Uko usalama wa kutougua kabisa, na uko usalama wa kutofikishwa hospitali au kaburini. Sisi husema "salama" kwa yote mawili, ndipo tunapogombana.

Uingereza waliandika hesabu zao vizuri, kwa kuwa walichanja watu wengi na kila mmoja jina lake limo daftarini. Mwanamke wa kwanza kuchanjwa huko, Margaret Keenan, mwenye umri wa miaka 90, alichanjwa tarehe 8 Desemba 2020 katika mji wa Coventry. Sindano za nyongeza zilianza kutolewa huko Septemba 2021, na Omicron ilipokuja zikaharakishwa kwa kila mtu mzima. Kwa watu waliopata dawa ya Pfizer mara mbili kisha wakaongezwa ile ile, ilionekana kuwa wiki mbili hadi nne baada ya nyongeza, kinga ya kutougua Omicron ilikuwa 67 kwa mia. Baada ya wiki 10 ikawa kama 46.

Nini maana ya 67 kwa mia? Si kuwa kila mtu amekingwa thuluthi mbili ya mwili wake, kama alivyonielewa mwenzangu mmoja. Maana yake, chukua wachumaji 100 ambao bila ya sindano wangaliugua. Wakiwa wamechanjwa na kuongezwa karibuni, 67 kati yao wataepuka na 33 wataugua. Baada ya wiki 10 walioepuka ni 46 na watakaougua ni 54, yaani zaidi ya nusu. Hii si kinga ya kuingia nayo chumba kilichojaa watu wanaokohoa ukasema hapana kitu.

Lakini kwa kulazwa hospitali hesabu ilikuwa nyingine. Huko Uingereza kinga baada ya nyongeza ilikuwa karibu 90 kwa mia, nayo ikashuka polepole kuliko ile ya kwanza. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Mimi niliyeugua siku ya saba baada ya sindano siwezi kuapa kuwa ni nyongeza iliyoniokoa. Huenda ilikuwa bado changa, na sindano yangu ya 2021 ndiyo iliyobeba mzigo. Hata hivyo nisingependa kuijaribu korona bila ya zote mbili, kwa umri wangu na sukari yangu.

Na wenzako wa nyumbani je? Hapa naomba mnisikilize sana. Mwaka 2009 palitolewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa katika shehia sita za Unguja na Pemba, na wengi wenu mtakumbuka kuinywa mara mbili. Ilipotazamwa baadaye ilionekana kuwa katika sehemu ambazo wengi walikunywa, hata jirani asiyekunywa alipata nafuu, kwani maradhi yalikosa njia ya kupitia. Watu wengi, na mimi mmoja wao, walidhani korona itakuwa hivyo hivyo: mume akichanjwa, mke amefunikwa. Sivyo. Aliyeongezwa huambukiza kidogo kuliko asiyechanjwa kwa muda fulani, lakini akiwa anaugua aweza kumpa mwenzake, tena bila ya yeye mwenyewe kujiona mgonjwa sana. Sindano yangu ilikuwa yangu. Mke wangu alihitaji yake.

SIKU YENYEWE YA SINDANO, NA SIKU MBILI ZINAZOFUATA

Wengi hukimbia sindano ya nyongeza kwa sababu ya yale yaliyowapata katika ile ya mwanzo: mkono kuuma, homa, kichwa, mwili mzito. Hayo ni ya kawaida na aghalabu huisha kwa siku moja au mbili. Si korona, wala sindano haiwezi kumtia mtu korona, kwani hapana hata moja katika dawa zilizoletwa huku yenye kirusi cha korona kilicho hai. Sinovac ni kirusi kilichouawa. Johnson & Johnson ni kirusi cha mafua mengine kilichofanywa kisiweze kuzaana, na Pfizer ni maandishi tu yanayoufundisha mwili sura ya kirusi. Lakini ukipata kikohozi, au ukapoteza harufu hata karafuu usiisikie, hiyo si kazi ya sindano. Kapimwe.

Kwetu sisi liko jambo moja ambalo daktari wa mjini pengine halimjii akilini. Usipande mkarafuu siku ya sindano, wala siku ya pili yake, wala siku yoyote ukiwa na homa. Mkono unaouma haushiki tawi sawasawa, na kizunguzungu kidogo ambacho barazani si kitu, juu ya mti ni kuvunjika mgongo. Tayari twaanguka vya kutosha bila ya sababu hiyo. Mwenye shamba akimpeleka mchumaji wake kuchanjwa ampe siku mbili za kazi ya chini, kama kuchambua au kuanika, na asimkate ujira.

Baada ya sindano kaa kituoni dakika 15 kama utakavyoambiwa. Ni kwa ajili ya wachache ambao mwili wao hukataa dawa kwa ghafla, nao hutibiwa papo hapo. Baada ya kurudi nyumbani, ukipata maumivu ya kifua, kushindwa kuvuta pumzi, mguu kuvimba, au kichwa kikali kisichokwisha kwa siku kadha, rudi upesi usingoje. Madhara makubwa yapo, ila ni nadra. Dawa za namna ya Pfizer zimewahi kusababisha uvimbe wa moyo, zaidi kwa wavulana na vijana wa kiume, na wengi wao walipona. Ile ya Johnson & Johnson ilisababisha damu kuganda: Marekani, hadi Machi 2022, walihesabiwa wagonjwa 60 na 9 kati yao wakafa, ambayo ni kiasi cha watu 3 katika kila sindano milioni moja. Kwa ajili hiyo Marekani iliizuilia watu wachache mwezi wa Mei 2022, na mwaka 2023 ruhusa yake ikaondolewa kwa ombi la kampuni yenyewe. Nayasema haya kwa sababu wako wanaoyanong'ona kana kwamba yamefichwa. Hayakufichwa, yaliandikwa na waliohesabu wenyewe. Aliyepigwa sindano ile mwaka 2021 hana haja ya kukaa na khofu leo, kwani jambo hilo lilitokea katika wiki za mwanzo tu.

Sasa, je, kila mtu akaongezwe? Mwaka 2021 jibu lilikuwa karibu ndiyo. Sasa mambo yamebadilika. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hali ya dharura imekwisha, wala halikusema kuwa maradhi yamekwisha. Watu walio wengi duniani wamekwisha kuugua au kuchanjwa au vyote viwili, na kijana mwenye afya ana walinzi wa kutosha wa kumwepusha na hospitali. Nyongeza sasa inahimizwa kwa wazee, wenye sukari, moyo, pumu kali na maradhi mengine ya kudumu, wale ambao kinga yao ya mwili imedhoofika, wajawazito, na wafanyakazi wa hospitali. Nchi nyingine zimekaza zaidi: Uingereza mwezi wa Oktoba 2025 iliitoa kwa wenye miaka 75 na zaidi, walio katika nyumba za wazee na wenye kinga dhaifu. Kwetu, aulize kila mtu kituo chake cha afya, dawa gani ipo na kwa nani, na aende na kadi yake ya zamani. Wengi mmezitupa kadi zile. Ni makosa, kwani muuguzi atataka kujua ulipata dawa gani na lini.

Lazima niseme neno pia kwa wale wa upande wa pili, wanaoogopa kupita kiasi. Namjua mwenzetu mmoja, mzee mwenye mashamba mawili, ambaye amechanjwa na kuongezwa kila alipoitwa, na bado tangu 2020 hajakanyaga shambani wakati wa uchumaji. Huletewa hesabu nyumbani, na nadhani huibiwa. Nalimwambia, na naandika hapa ili asome: ukishatimiza wiki mbili zako, nenda shambani kwako. Chini ya mkarafuu, upepo ukivuma, khatari ni ndogo. Tena karafuu huanikwa uwanjani, si chumbani. Pa kujihadhari ni dago, kwenye kibanda wanapolala watu kumi bila ya dirisha. Na ndani ya gari lililojaa na turubali limeshushwa kwa ajili ya mvua. Na chumba cha mgonjwa. Huko hata aliyeongezwa jana wiki tatu afungue dirisha, na akiwa na mafua ajitenge na wazee. Kwa mambo mengine aishi.

Yule mzee wa mkutanoni nalimfuata nje tulipokwisha, nikamweleza haya kwa ufupi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia sababu ya kuuliza kwake. Jumapili ya wiki hii tuliyonayo ilikuwa arusi ya mjukuu wake wa kwanza, nyumba ni ndogo, na waalikwa si haba. Tukahesabu kwa vidole: tangu Jumatatu ya sindano hadi Jumapili ya arusi ni siku 13.

"Basi bado moja," akasema, na uso umemsawijika.

Nikamwambia akae barazani kwenye upepo, bwana arusi atatoka kuja kumpa mkono, na sinia yake ya pilau ataletewa huko huko. Akauliza kama nitakuja kukaa naye. Nimemwahidi, na mke wangu naye atakuja, kwani ameshachanjwa mara mbili na zimepita wiki nyingi, ila yeye amesema atakaa ndani na wanawake wenziwe.